Zamu ya Usiku Ndani ya Fuvu

Ikifika saa tatu usiku kambini Kaptagat, taa huzimwa na mazungumzo hukoma. Bingwa wa dunia na chipukizi aliyejiunga juzi hulala saa ileile. Ndiyo ratiba iliyomlea Eliud Kipchoge, mshindi wa marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 na tena katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, chini ya kocha Patrick Sang: kulala mapema, kuamka kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, kukimbia, kula, kisha kujilaza tena mchana bila kumwonea mtu haya.

Wakati huohuo, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, Eldoret ndiyo kwanza inabadilisha zamu. Wauguzi wanapokezana wodini katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ya pili kwa ukubwa nchini baada ya Kenyatta. Mabawabu wanajifunika makoti mazito, maana baridi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari haina utani. Matrela yanayoelekea Malaba yananguruma barabarani, na vijana wa bodaboda wanasubiri abiria wa mabasi ya usiku. Sisibo, kama wenyeji wanavyouita mji huu uliopewa hati ya kuwa jiji Agosti 2024, haulali wote kwa pamoja.

Zamani tofauti kati ya watu wa Kaptagat na hawa wa mjini ilionekana miguuni: nani ana kasi, nani amechoka. Katika miaka hii kumi na kitu iliyopita, wanasayansi wameanza kuitafuta mahali pengine, ndani ya fuvu, kwenye majimaji yanayouzunguka na kuupenya ubongo.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4. Hiyo ni asilimia 2 tu ya mwili, lakini kiungo hiki hula karibu asilimia 20 ya nishati ambayo mwili uliopumzika hutumia. Mlaji wa namna hiyo hakosi taka. Miongoni mwa taka zake kuna protini mbili zilizojipatia sifa mbaya: amiloidi-beta, ambayo hurundikana katikati ya seli za neva, na tau, ambayo hujisokota ndani ya seli zenyewe. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza marundo hayo na misokoto hiyo katika ubongo wa mgonjwa wake, Auguste Deter, aliyefariki mwaka huo akiwa na miaka 55 baada ya kupoteza kumbukumbu na hata jina lake likamtoka. Protini nyingine, alfa-sinuklini, ndiyo inayopatikana katika ubongo wa wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka.

Sehemu nyingi za mwili huondoa mabaki yao kupitia mishipa ya limfu. Ndani ya nyama ya ubongo mishipa hiyo haimo. Kwa miongo mingi wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba seli za ubongo huchakata taka zao zenyewe, na kinachobaki huvuka kuta za mishipa midogo ya damu na kuchukuliwa. Maelezo hayo hayakuwa ya uongo. Yalikuwa nusu tu.

Nusu ya pili ilikuwa kwenye majimaji ambayo kila daktari aliyajua. Mwili hutengeneza karibu nusu lita ya majimaji ya ubongo na uti wa mgongo kila siku, ilhali kinachokaa ndani kwa wakati mmoja ni mililita 150 hivi, kwa hiyo yote hubadilishwa mara tatu au zaidi kati ya asubuhi moja na nyingine. Kazi yake iliyojulikana ilikuwa kuzuia ubongo usigonge fuvu mtu anapojikwaa. Mwaka 2012 Maiken Nedergaard, mtafiti mzaliwa wa Denmark, na mwenzake Jeffrey Iliff wa Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York, waliingiza rangi inayong'aa katika majimaji hayo kwa panya walio hai, wakaifuatilia kwa hadubini ya leza. Rangi haikubaki nje. Ilitelemka kandokando ya mishipa ya damu itokayo moyoni, ikisukumwa na mapigo ya mishipa hiyo, ikaingia ndani ya ubongo, ikachanganyika na maji yaliyo katikati ya seli, kisha ikatoka kando ya mishipa inayorudisha damu.

Walinzi wa njia hiyo ni seli zinazoitwa astrosaiti. Vikanyagio vyake huifunika mishipa ya damu karibu yote, na kwenye vikanyagio hivyo kuna vijitundu vya kupitisha maji vinavyoitwa akwaporini-4. Panya waliozaliwa bila vijitundu hivyo walionekana kuondoa amiloidi kwa kasi iliyopungua kwa zaidi ya nusu. (Aliyegundua akwaporini, Mmarekani Peter Agre, alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003, kisha akageukia utafiti wa malaria uliomleta mara kwa mara hadi mashambani Zambia.) Mfumo huo mzima ukaitwa glimfatiki.

Mwaka 2013 maabara hiyohiyo ya Rochester ilitoa habari iliyovuma zaidi. Lulu Xie aliwazoeza panya kutulia chini ya hadubini mpaka wakapata usingizi humo. Walipolala, nafasi iliyo katikati ya seli za ubongo wao ilipanuka kwa karibu asilimia 60, majimaji yakapita kwa urahisi, na amiloidi ikaondolewa kwa kasi maradufu kuliko walipokuwa macho. Anayeijua Eldoret anaweza kuwaza soko: wachuuzi wakiwa wamejaa vijiani na mikokoteni inasukumana, mwenye fagio hana pa kupita, na kazi yake huanza watu wakiondoka.

Picha hiyo ilienea upesi, pengine upesi kuliko ushahidi wake. Kabla ya kuufikia mzozo uliozuka juu yake, lipo jambo moja ambalo ni gumu kuliruka. Mwaka 2015 kikundi cha Jonathan Kipnis katika Chuo Kikuu cha Virginia na kingine cha Kari Alitalo huko Helsinki viligundua, kila kimoja kivyake, kwamba utando unaoufunika ubongo una mishipa ya limfu inayotiririsha mabaki kuelekea tezi za shingoni. Vitabu ilibidi viandikwe upya. Lakini Mtaliano Paolo Mascagni alikuwa ameichora mishipa ya namna hiyo mwaka 1787, na kwa zaidi ya karne mbili wengi hawakumsadiki.

Panya ni panya. Je, binadamu? Mwaka 2019 Laura Lewis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Boston walifaulu kuwafanya watu walale ndani ya mashine ya MRI, jambo ambalo yeyote aliyewahi kusikia kelele za mashine hiyo ataliheshimu. Usingizi ulipokolea, mawimbi ya polepole ya umeme wa ubongo yalifuatwa na damu kupungua kidogo kichwani, na nafasi hiyo ikajazwa na wimbi kubwa la majimaji, takriban kila sekunde 20. Watu wakiwa macho, mawimbi yalikuwa madogo mno.

Huko Oslo, Per Kristian Eide na Geir Ringstad walitumia dawa ya kung'arisha picha iliyodungwa mgongoni kwa wagonjwa waliokuwa wakichunguzwa hospitalini, wakaifuatilia saa baada ya saa ilivyoingia ubongoni na kutoka. Matokeo waliyochapisha mwaka 2021 hayamfurahishi mtu wa zamu ya usiku: waliokesha usiku mmoja waliiondoa dawa hiyo polepole zaidi, na kulala usiku uliofuata hakukulipa deni. Watafiti wa Marekani walikuwa wameshaonyesha mwaka 2018, kwa watu 20 wenye afya, kwamba mkesha wa usiku mmoja huongeza amiloidi inayopimika katika sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Kisha mwaka 2024 madaktari wa jimbo la Oregon wakaziona kwa picha njia zenyewe za majimaji kandokando ya mishipa ya damu katika ubongo wa wagonjwa watano waliokuwa wakifanyiwa upasuaji. Watano ni wachache, lakini ni binadamu.

Mwaka huohuo mjadala ukapamba moto. Nicholas Franks na wenzake wa Imperial College London walidunga rangi moja kwa moja ndani ya ubongo wa panya, wakapima ilivyosambaa na kutoweka. Kwao mambo yalikuwa kinyume: panya aliyelala aliondoa rangi kwa kiasi kilichopungua kwa asilimia 30 hivi, na aliyetiwa nusukaputi kwa asilimia 50, ukilinganisha na aliye macho. Kwa maneno mengine, mwenye fagio anafanya kazi mchana, soko likiwa limejaa. Upande wa Rochester ulijibu kwamba sindano inayochomwa katikati ya ubongo huharibu njia zilezile inazokusudia kupima. Januari 2025 Natalie Hauglund na Nedergaard waliongeza ushahidi wao: katika usingizi mzito wa panya, kemikali ya noradrenalini hupanda na kushuka takriban kila sekunde 50, mishipa ya damu hujibana na kuachia kwa mdundo huo, na mdundo huo ndio unaosukuma majimaji. Walipowapa panya zolpidemu, dawa ya usingizi inayotumika sana duniani, panya walilala, lakini mdundo ulidhoofika na majimaji yakapungua.

Kwa hiyo mwenye kuandika kwenye bango kwamba usingizi huosha ubongo ametangulia mbele ya mashahidi. Kwamba majimaji hayo hutiririka na kubeba taka, wengi wanakubali. Ugomvi uko kwenye saa, kasi, na njia.

Lakini Afrika Mashariki haina haja ya panya ili kujua majimaji hayo yanapokwama inakuwaje. Ukifuata matrela yale ya Malaba, ukavuka mpaka, ukapita Tororo, ndani ya kilomita 200 hivi kutoka Eldoret unafika Mbale, chini ya Mlima Elgon. Hapo ndipo daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Benjamin Warf, alipohamia na familia yake mwaka 2000 kusaidia kuanzisha hospitali ya watoto ya CURE. Alikuta foleni ya akina mama waliobeba watoto wenye vichwa vikubwa, watoto ambao majimaji yao hutengenezwa kama kawaida lakini hayapati pa kutokea, yakausukuma ubongo mchanga ukutani mwa fuvu. Vijijini wengi wao walifichwa ndani, na mama akanyooshewa kidole.

Tiba iliyozoeleka duniani ni mrija unaopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Mrija huokoa maisha, na mrija huziba. Mtoto wa Boston mrija wake ukiziba, hospitali iko karibu. Mtoto anayeishi mahali ambapo barabara hukatika msimu wa mvua anaweza kufa kabla ya kufika. Warf akachagua njia nyingine: kupitisha kamera nyembamba ndani ya ubongo, kutoboa tundu dogo kwenye sakafu ya moja ya vyumba vya majimaji ili yapate njia mpya, kisha kuichoma tishu inayoyatengeneza ili yapungue. Mrija hauhitajiki tena kwa watoto wengi. Mbinu hiyo, iliyokomaa Mbale, sasa inafanywa Amerika na kwingineko, na mwaka 2012 ilimpatia Warf tuzo ya MacArthur. Ni mara chache teknolojia ya upasuaji wa ubongo husafiri kwa mwelekeo huo.

Haikukubaliwa kwa maneno matupu. Watoto 100 wenye umri wa chini ya miezi sita waligawanywa kwa bahati nasibu hukohuko Mbale, nusu wakapewa mrija, nusu wakafanyiwa upasuaji wa kamera. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa kiwango cha maana katika ukuaji wa akili wala katika ukubwa wa ubongo. Mbale pia ilifichua chanzo: watoto wengi walipata tatizo hilo baada ya maambukizi katika wiki za mwanzo za maisha, na mwaka 2020 kikundi cha Steven Schiff kilimtaja mshukiwa, bakteria aitwaye Paenibacillus. Upande wa Kenya, watoto wa namna hii wamekuwa wakihudumiwa kwa miaka mingi Kijabe, chini ya shirika la BethanyKids.

Ugonjwa huo una ndugu yake uzeeni. Mzee huanza kuburuta miguu kana kwamba imeganda sakafuni, mkojo unamponyoka, na kumbukumbu inachakaa. Nyumbani husemwa ni uzee. Kwa baadhi yao ni majimaji yaleyale yaliyojaa vyumbani bila shinikizo kubwa, na mrija unaweza kuwarudisha kwenye kutembea. Kati ya mambo yote ya kusahau ya uzeeni, hili ni miongoni mwa machache yenye tiba, na ndiyo sababu babu anayesahau na kuburuta miguu kwa pamoja anastahili kufikishwa kwa daktari na kupigwa picha ya kichwa.

Turudi kwa wanaokesha. Utafiti uliowafuata karibu watumishi wa umma 8,000 wa Uingereza kwa miaka 25, uliochapishwa mwaka 2021, uligundua kwamba waliolala saa sita au pungufu wakiwa na umri wa miaka 50, 60 na 70 walikuwa na hatari ya kupata dimenshia, yaani kuporomoka kwa kumbukumbu na akili, iliyozidi kwa asilimia 30 ile ya waliolala saa saba. Hilo halithibitishi kwamba kukosa usingizi ndiko kulikowaumiza. Huenda ugonjwa, ambao huanza kimyakimya miaka mingi kabla ya dalili, ndio uliowaharibia usingizi. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mpigo.

Na kulala mchana? Kwa panya, ambao huwa macho usiku, watafiti wa Rochester walionyesha mwaka 2020 kwamba mpangilio wa vijitundu vya akwaporini hufuata saa ya ndani ya mwili, si usingizi peke yake. Mnyama akinyimwa mabadiliko ya mwanga ya kumwelekeza, bado mfumo hupanda na kushuka kwa saa zake. Bawabu anayelala saa nne asubuhi, jua likipenya kwenye mabati na watoto wa jirani wakicheza mlangoni, anapata usingizi, ila si uleule. Kumwambia alale saa nane usiku ni rahisi kwa mtu ambaye mshahara wake haulipwi kwa kukesha. Kumwachia chumba chenye giza na kimya, na mwajiri kuacha kumgeuzageuza zamu kila wiki, ni ushauri wenye mwajiri ndani yake, na labda ndiyo maana hutolewa mara chache.

Madereva wa masafa marefu wana dawa yao, miraa kutoka Meru, ambayo kathinoni yake hufanya kazi kama jamaa wa amfetamini na kuufukuza usingizi. Wengine hukoroma vibaya mpaka pumzi inakatika mara kadhaa kwa saa. Mkoromo wa namna hiyo huvunja usingizi mzito vipandevipande na kupandisha presha, na mke anayelalamika huwa ndiye mpimaji wa kwanza.

Kuhusu mbio, wanariadha wa Iten na Kaptagat watapenda kusikia kwamba mwaka 2018 watafiti waliwapa panya gurudumu la kukimbilia kwa hiari, na baada ya wiki tano majimaji yaliingia ubongoni kwa wingi zaidi hata walipokuwa macho. Panya wa maabara nyingine, mwaka 2015, walionekana kusafishika vizuri zaidi wakilala kwa ubavu kuliko kifudifudi au chali. Yapo magazeti yaliyowashauri wasomaji wao wageuke kitandani kwa sababu ya panya hao. Gazeti hili halitafika huko.

Kuna jambo jingine la mitaani ambalo ni zito kuliko ubavu wa kulalia. Mwaka 2014 Iliff na Nedergaard walionyesha kwamba panya waliopigwa kichwani walipoteza karibu asilimia 60 ya uwezo wa mfumo huo, na athari ilidumu kwa wiki nyingi huku tau ikirundikana. Aliyeufungua ulimwengu macho kuhusu vichwa vinavyogongwa mara kwa mara alikuwa Mnigeria, Bennet Omalu, daktari wa kuchunguza maiti, ambaye mwaka 2002 alichunguza ubongo wa mchezaji wa zamani wa futiboli ya Marekani, Mike Webster, akakuta tau mahali ambapo haikutarajiwa kwa mtu wa miaka 50. Eldoret haina futiboli hiyo. Ina bodaboda, na abiria wengi bado hukaa nyuma bila helmeti ingawa sheria inawataka waivae.

Bado wapo wanaosema kwamba ugonjwa wa Alzheimer ni wa Wazungu. Kuna takwimu moja inayowapa nguvu, na inahusu chuo kilekile ambacho kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret tangu shule yake ya udaktari ilipoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Chuo Kikuu cha Indiana, pamoja na Chuo Kikuu cha Ibadan, kiliwalinganisha Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba kila mwaka asilimia 1.15 ya wazee wa Ibadan walipata Alzheimer, dhidi ya asilimia 2.52 ya wale wa Indianapolis. Kizazi kimoja, maisha mawili, na tofauti ya zaidi ya maradufu. Watafiti waliangalia presha, mafuta mwilini, sukari na mtindo wa maisha.

Lakini pungufu si sufuri. Mwaka 1996 Julius Ogeng'o na wenzake wa Nairobi, Dar es Salaam na Cleveland walichunguza bongo za watu 32 wa Afrika Mashariki waliofariki bila dalili za kupoteza akili, wakakuta amiloidi kwa takriban mmoja kati ya kila watano. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ukiwa umewahusisha karibu wazee 1,200 wa miaka 70 na zaidi ulikadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia. Hizo ni nyumba za migombani, si London. Kilifi, wazee wameshambuliwa na kuuawa kwa kudhaniwa wachawi, na bibi anayetangatanga usiku akiongea peke yake yumo hatarini zaidi kuliko wengine. Nairobi, Elizabeth Mutunga, ambaye baba yake aliugua, alianzisha shirika la kitaifa la Alzheimer na dimenshia ili familia zipate mahali pa kuulizia.

Kuna dawa sasa. Lekanemabu, iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani Julai 2023, huisaidia kinga ya mwili kuondoa amiloidi. Katika majaribio ya miezi 18 ilipunguza kasi ya kuzorota kwa asilimia 27. Bei yake ilipotangazwa ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, nayo inahitaji picha za MRI za mara kwa mara kwa sababu ubongo wa baadhi ya wagonjwa huvimba au kuvuja damu. Kwa mkulima wa mahindi wa Uasin Gishu, hiyo ni habari ya mbali.

Presha iko karibu. Majimaji ya ubongo husukumwa na mapigo ya mishipa ya damu, na mwaka 2018 watafiti walionyesha kwa panya kwamba presha ikipanda, kuta za mishipa hucheza vibaya na majimaji hurudi nyuma badala ya kusonga mbele. Kwa binadamu, jaribio la Marekani lililowahusisha zaidi ya watu 9,000 na kuchapishwa mwaka 2019 lilionyesha kwamba kuishusha presha kwa bidii kulipunguza upungufu wa awali wa kumbukumbu kwa asilimia 19. Jibu lenye nguvu zaidi lilitoka vijijini China mwaka 2025. Katika vijiji 326, karibu watu 34,000 wenye presha walifuatwa kwa miaka minne, na palipokuwa na wahudumu wa kijiji, si madaktari bingwa, waliopewa jukumu la kutoa na kurekebisha dawa, visa vya dimenshia vilipungua kwa asilimia 15.

Eldoret ina kitu kinachofanana na hicho. AMPATH, ushirikiano ulioanza kwa kupambana na Ukimwi, uliunganisha vikundi vya kuweka akiba vya vijijini magharibi mwa Kenya na kliniki ya pamoja ya presha na kisukari: wanachama hukutana, hupimwa, hupata dawa, kisha hesabu za mikopo huendelea. Jaribio lake, lililohusisha karibu watu 2,900 na kuchapishwa mwaka 2021, lilionyesha presha ikishuka kwa kiasi chenye faida kwa mgonjwa, ingawa pengo kati ya kundi moja na jingine halikutosha kufunga hesabu ya kitakwimu. Na tangu Septemba 2023, serikali ilipowazindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa mabegi ya kazi, mashine ya kupima presha ni mojawapo ya vifaa ambavyo mhudumu hubeba anapobisha hodi.